Penseli Juu ya Uso wa Mama

Nakumbuka siku niliyompiga mama yangu picha, mwanangu unayenisoma, kwa sababu alichelewa kutoka ndani mpaka nikaanza kununa. Nilikuwa nimekwisha weka kiti uani, nimepima hatua zangu nne, nimefuta kioo cha kamera kwa pindo la shati. Jua lilikuwa linapanda, na ule mwanga laini wa asubuhi nilioutaka ulikuwa unakwenda zake. Nikaita, "Mama, jua halitungoji!" Akajibu kutoka chumbani, "Na mimi sikimbizwi na jua. Nitatoka nikiwa tayari."

Alipotoka nikaelewa alichokuwa akifanya. Alivaa kanga yake mpya ya kisutu, na uso wake wote aliupaka mafuta ya nyonyo, akayasugua taratibu juu ya nembo zake mpaka zikang'aa. Mama alikuwa Mmwera wa kijiji cha Nyangamara, bara ya Lindi, na wasichana wengi wa rika lake walichanjwa nembo hizo usoni kabla ya kuolewa. Yeye alikuwa na mistari mitatu kila shavu, imepinda kuelekea sikioni, na mingine midogo midogo juu ya paji. Akakaa, akanyoosha shingo, akaniuliza, "Zitaonekana?"

"Zitaonekana, mama."

"Zote?"

"Zote."

Basi akatulia tuli, nami nikabonyeza.

Nikueleze nilikuwa nani siku hizo, usije ukadhani nilizaliwa na mvi hizi. Mwingereza alikuwa bado yupo, na mimi nilikuwa karani katika shamba la mkonge nje kidogo ya Lindi. Kijana wa miaka ishirini na tatu, kaptula imepigwa pasi ikakaa wima, kalamu mbili mfukoni ingawa moja ilikuwa haiandiki. Kamera niliipata kwa mpima ardhi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa sanduku jeusi tu, halina mambo mengi, lakini nilitembea nayo hata mahali ambapo sikuwa na haja nayo. Kusafisha picha nilifundishwa na fundi mmoja wa Kihindi pale Lindi mjini. Jumapili alikuwa akiniachia chumba chake cha giza na taa yake nyekundu, yeye akakaa barazani na chai yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya siki namkumbuka, maana dawa zake zilinuka hivyo.

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha pia kurekebisha. Unajua filamu ikishasafishwa mambo yote huwa kinyume, cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi. Ukitaka kuondoa doa jeusi usoni mwa mtu, unalijaza palepale kwenye filamu kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Ukitaka kuondoa mng'ao, unakwangua kidogo kwa ncha ya wembe. Mabibi harusi wa Lindi wengi walitoka mle chumbani hawana chunusi hata moja, na mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Fundi alinisifu, na mimi sifa zilinipanda kichwani.

Sasa kilichonifanya nimpige mama picha ni hiki. Nilikuwa nimechumbia Kilwa Kivinje. Binti mwenyewe aliitwa Zuhura, na nilimwona nilipotumwa kule na karatasi za shamba. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akilelewa na shangazi yake, Bi. Mwanaidi, mwanamke mwenye maneno machache na macho yaliyokupitia mpaka ndani. Alinikubali, ila alisema kitu kimoja: "Mvua zimeharibu njia, siwezi kufika kwenu sasa. Niletee picha ya mama yako, nimwone ninayempelekea mtoto wangu."

Ile picha, mwanangu, ilitoka vizuri kuliko picha zote nilizopata kupiga. Nilipoiona inaibuka ndani ya dawa nilitamani kupiga kelele. Mama alikuwa amekaa kama mtu mwenye nchi yake, na kila mstari wa nembo ulikuwa umeshika mwanga. Ningekuwa na akili ningeiacha hivyo hivyo. Lakini nilipoishika mkononi nikaanza kusikia masikioni mwangu maneno ya Kivinje, kwamba karani huyu na pasi yake kumbe ni mtu wa bara, tazameni mama yake. Hakuna aliyekuwa amenena hivyo. Niliyasema mwenyewe na kuyajibu mwenyewe.

Nikaichana ile picha niliyoichapa, nikachukua penseli nikairudia filamu. Palipokuwa na weusi nikajaza, palipokuwa na mng'ao nikakwangua kwa wembe, Jumapili mbili nzima, shavu la kulia Jumapili ya kwanza na la kushoto pamoja na paji Jumapili ya pili. Fundi aliingia akainama juu ya bega langu, akatazama. Akasema, "Hizo si chunusi, bwana." Nikajitia sikusikia. Akatoka akarudi kwenye chai yake, wala hakunisifu siku hiyo.

Picha niliyoipeleka Kivinje ilikuwa ya mwanamke mzuri sana, uso laini, hana alama. Majibu yakaja kwamba imewapendeza, na mimi nikawa natembea juu juu. Mama aliponiuliza kama wakwe wameiona, nikamwambia wameiona na wameisifu. Akafurahi, akawasimulia majirani. Hilo linaniuma hata leo ninapokuandikia, kuliko mengine yote.

Mvua zilipokatika, Bi. Mwanaidi akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Alipanda lori mpaka Lindi, akapitiliza mpaka Nyangamara bila kuniarifu, amembebea mama yangu zawadi ya kanga, na picha ameiweka kifuani ili apate kumtambua. Mimi niko kazini, naandika idadi ya matita ya mkonge, sina habari. Siku ya tatu yake nikamwona amesimama mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, shangazi!" Nikaruka kutoka kitini.

"Marahaba. Kaa tu, baba. Sina maneno mengi."

Akanieleza yaliyompata. Alishuka kwenye lori akawaonyesha picha wanawake waliokuwa kisimani, akawaambia namtafuta huyu mama. Wakaipokea mmoja baada ya mwingine, wakatikisa vichwa. Akawaonyesha wazee wa msikitini, nao hawakumjua. Mwishowe akaja mwanamke mwenye mzigo wa mtama kichwani, akautua, akafuta mikono, akaishika picha na kuitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu simjui, dada yangu. Lakini kanga hiyo ni yangu, na kiti hicho nimekikalia asubuhi hii."

 Bi. Mwanaidi hakunionea huruma wala hakupandisha sauti.

"Nimelala kwa mama yako siku mbili," akasema. "Nimekula ugali wake wa mtama, nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Unadhani nembo zinanitisha? Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo. Kivinje yote ile, ukifukua nyumba moja moja, utamkuta bibi mwenye nembo. Ungeniletea uso wake ningeupokea kwa mikono miwili."

"Nilikosea, shangazi. Nilikuwa naogopa."

"Najua uliogopa. Lakini Zuhura ni yatima, sina mwingine wa kumwangalia. Kesho naye ataota mvi, atazaa, atakonda, ataumwa. Mtu aliyemfuta mama yake mzazi, mke ataacha kumfuta?"

Akaiweka picha juu ya daftari langu, akajifunga mtandio wake vizuri, akaondoka. Posa ikaishia pale. Zuhura sikumwona tena, nami sikuthubutu kumtuma mtu. Kwa kusema kweli nililia, karani mzima, nikawaambia wenzangu ni vumbi la mkonge.

Jumamosi nikaenda Nyangamara. Nilimkuta mama anapepeta mtama uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akaendelea kupepeta. Nikakaa chini, kwenye makapi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa laana, maana nilistahili. Alipomaliza ungo ule ndipo akasema.

"Nilikuuliza zitaonekana."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza zote."

Nikaokota punje ya mtama kwenye makapi, nikaigeuzageuza.

"Siku niliyochanjwa nilikuwa mdogo kuliko huyo Zuhura wako," akasema. "Nilibana meno, sikulia, ili mtu akikutana na mimi njiani ajue huyu ana kwao. Baba yako alinijua kwa nembo hizi kabla hajanijua jina. Wewe umechukua kipande cha penseli umenitoa kwetu, umenipeleka ugenini peke yangu, sina hata mtu wa kunitambua. Hata mimi sikujitambua."

Nikamshika miguu. Nikamwambia nitaweza kuzirudisha, na kweli niliamini hivyo. Nilirudi Lindi nikachukua pamba na mafuta nikafuta filamu ile pole pole. Penseli ikatoka. Lakini pale nilipokwangua kwa wembe pamebaki mashimo, na ukiichapa picha yanatoka mabaka meusi, kama mtu aliyeungua. Basi nikarudi tena Nyangamara na kamera, nikamwomba akae kitini kwa mara nyingine, nikaapa kwamba sitagusa kitu.

Mama akanitazama kwa upole kabisa. "Nimekusamehe, Issa," akasema. "Nimekusamehe toka siku ile ulipokaa kwenye makapi. Lakini uso wangu sikupi tena."

Na hakunipa. Uhuru ulikuja, nikaoa mwanamke mwingine mwema, nikapata watoto, mama akawalea na kuwadekeza kupita kiasi. Alikula nami, alicheka nami, aliniombea dua. Ila nikiinua kamera tu, aligeuza uso ukutani, bila hasira, kama mtu anayekwepa moshi. Alifariki hivyo. Hakuna picha hata moja yenye nembo zake.

Lakini usidhani alichukia picha. Hapo ndipo ninapocheka peke yangu uzeeni. Yeye ndiye aliyegeuka kuwa mpiga mbiu wangu. Nikifika kijijini likizo, alipita nyumba hadi nyumba: "Mwanangu amekuja na kamera, njooni mpigwe. Na mumwambie asifute kitu!" Watu wakaja. Bi. Somoe na mke mwenzake, walioacha kugombana kwa muda wa picha moja tu. Mzee mmoja aliyetaka apigwe na jembe lake, akakataa kuazima viatu. Msichana aliyejifunza kuandika jina lake juzi, ameshika ubao kichwa chini miguu juu. Mama alisimama kando yangu, begani upande wa kushoto, akawatania: "We Somoe, usikaze hivyo, hukuitwa shaurini!" Nao wakacheka, nami nikabonyeza. Zile ndizo picha zangu nizipendazo, na sikuzigusa kwa penseli wala kwa wembe.

Mwaka jana mjukuu wangu alizipeleka kwa kijana mmoja wa studio, apate kuzinakili. Kijana ni fundi hasa. Akanipigia simu kwa heshima zote, akasema, "Babu, picha nzuri sana, ila zote zina kasoro moja. Watu wako hawatazami kamera. Wote macho yameenda pembeni kidogo. Nikuwekee sawa? Kwa kompyuta ni dakika mbili."

 Miaka yote ile nilizitazama sikuwa nimeona. Nikamwambia, "Waache, baba. Wanamtazama mama yangu."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hiyo, na nitaisema wazi usije ukaitafuta. Naona mnavyosafisha nyuso siku hizi kwa kidole, kwenye simu, mnachukua muda mfupi kuliko wa kuchambua kikombe cha mchele. Chunusi ifute ukitaka, hiyo wiki ijayo itakwenda yenyewe. Lakini kitu ambacho mtu amezaliwa nacho, au amekilipia kwa maumivu, au ana fahari nacho, usikiguse mpaka umemuuliza. Na akikuuliza kitaonekana, ukamjibu kitaonekana, basi kionekane. Ukiona mkono unakuwasha kumrekebisha mtu wako mbele ya wageni, weka penseli chini ujitazame mwenyewe kwanza, kwa sababu aibu ile ni yako, si yake. Mimi nilimpoteza mchumba kwa kujifunza hilo, na uso wa mama yangu.

Kama mama yako yu hai, nenda ukampige picha leo, alivyo, na mafuta aliyopaka. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuridhika na wako, akupe mkono usio na haraka, akulindie wale waliokuzaa mpaka uwashibe. Na wangu amrehemu, amlaze pema pamoja na nembo zake zote. Amina.