Mbuzi wa Mama Kavira

Kaa kidogo, mwanangu, kabla hujaenda kununua huyo mbuzi. Nimesikia wewe na wenzako wa steji ya boda mnajiandaa kwenda kwa wazazi wa yule mtoto uliyemgonga pale Kinyamaseke. Sikuzuii, ni jambo la heshima. Ila siku moja ya ujana wangu imenirudia tangu niliposikia habari zako. Siku hiyo askari walimchukua kaka yangu Masereka akiwa na jembe mkononi, na mbuzi wake alikuwa ameshaliwa zamani.

Masereka alikuwa mpole barabarani kuliko wewe, usinune. Alibeba abiria kwa pikipiki kati ya Bwera na mpakani. Kukawa na mvua, akateleza, akamgonga Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anavuka na vitenge vyake, akamvunja mguu. Hakukimbia. Alimpeleka hospitali mwenyewe, kisha akajipeleka polisi. Wakamwachia kwa dhamana na kumwambia tarehe ya kufika mahakamani.

Hapo baba yetu akaingia kazini. Wewe unajua tunavyofanya huku: pande mbili zinakaa, zinasemezana, mbuzi anachinjwa, na aliyeumia anakula nyama pamoja na aliyemuumiza. Ukishaimeza nyama ile, ni aibu kulifufua jambo tena. Mama Kavira aliletwa na shemeji zake, mguu ukiwa kwenye plasta, akala nasi. Mimi ndiye niliyepika. Alicheka, akaomba aongezewe mchuzi, nami nikafurahi kwelikweli.

Kwa hiyo tarehe ya mahakama ilipofika, Masereka alikuwa Karusandara anapalilia pamba. Wala hakujificha, maskini. Kwake kesi ilikuwa imekwisha siku ile ya mbuzi. Hakimu alimwita, hakuonekana, ikatoka amri akamatwe. Askari wakamkuta shambani.

"Afande, sisi tulipatana! Tulikula pamoja!"

"Hiyo utaambia hakimu. Panda gari!"

Akalala gerezani, na mkewe alikuwa na mimba kubwa. Nililia mpaka nikakauka. Baba yeye alikuwa na hasira tu, kana kwamba serikali imemtukana yeye na mbuzi wake. Nikamvuta hadi Kasese, kwenye ofisi moja inayosaidia watu bure kwa mambo ya sheria. Tukapokewa na mama wakili mmoja mnene, mtaratibu, aliyekuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu ya joto.

"Hii maneno ilisha," baba akamwambia kabla hajakaa vizuri. "Huyu mama alitusamehe."

"Mzee, mulimalizana na yeye, na mulifanya vizuri," wakili akasema. "Lakini kesi ya polisi ni ya serikali, na serikali haikukaa kwa mukutano yenu. Kijana alipaswa kufika mbele ya hakimu na kusema huko kwamba mulipatana. Sasa tutamuomba huyo mama akuje aseme mwenyewe."

"Atasema amepona. Nitamupanga."

"Hapana, mzee. Atasema kile iko kweli. Hapa hatupangi mutu maneno."

Baba alinuna njia nzima ya kurudi Bwera. Mimi niliogopa, maana tulihitaji neno moja tu kutoka kwa mama yule ili kaka atoke.

Alikuja. Alikuja mahakamani na fimbo, mwanangu, na plasta ilikuwa imetolewa zamani. Hakimu akamuuliza kama amemsamehe kijana.

"Ndiyo, mukubwa. Nilishamusamehe, na leo namusamehe tena."

"Na mguu wako unaendeleaje?"

Akamtazama baba yangu, kisha akatazama chini.

"Mimi nilikula mbuzi, mukubwa. Muguu haikukula. Inaniuma kila siku. Nilishindwa kusema sababu nilishakula nyama yao."

Nikajua kaka yangu amekwisha. Masereka naye, pale kizimbani, akaanza kulia kama mtoto. "Mama, mbona haukuniambia?" Hakimu akamnyamazisha, lakini nilimwona amemsikia.

Wakili wetu hakubishana na yule mama hata kidogo. Alisimama akaeleza kwa nini Masereka hakufika, akasema kijana halikatai kosa, na kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia juu ya maumivu yale. Hakimu akamwachia kwa dhamana na onyo kali. Baadaye Masereka alikiri kosa. Hakufungwa, aliamriwa kugharamia matibabu ya mguu ule hadi upone. Mtoto wake alizaliwa baba yake akiwa nyumbani.

Pale nje ya mahakama wakili alimshika Mama Kavira mkono. "Mimi ni wakili wa Masereka, siwezi kuwa wako pia. Lakini na wewe uko na haki ya kuwa na wako." Akamwelekeza kwa mwenzake, naye ndiye aliyesimamia madai yake. Hospitali wakakuta mfupa umeunga vibaya, wakaurekebisha.

Na baba, tangu hapo, kila alipoitwa kupatanisha watu, hakuruhusu mbuzi aguswe kwanza. Alikwenda kukaa karibu na aliyeumia, akamuuliza polepole, "Inakuuma wapi?" Kisha akasubiri, hata watu wakilalamika njaa. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, na mimi nilimpenda zaidi kwa jambo hilo.

Basi nunua mbuzi wako, mwanangu, lakini kwanza nenda kwa wakili, hata huyo wa bure. Ukiitwa mahakamani, fika, hata kama umesamehewa na ukoo mzima. Na kabla ya nyama, kaa karibu na mama wa yule mtoto, umuulize mtoto wake anaumwa wapi, usiondoke mpaka akujibu. Siku ukiumizwa wewe, kula na watu, samehe, na bado useme panapouma.

Nenda na baraka zangu. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni, na amponye yule mtoto akimbie tena barabarani, nawe uwe ndiye unayepunguza mwendo ili apite.