Chanjo ya kwenda Accra

Leo nimelia mbele ya nesi, na si kwa uchungu wa sindano.

Mdogo wangu Akinyi ameolewa Ghana. Jana alijifungua msichana. Kwa wakwe zake mtoto hupewa jina siku ya nane, basi nikakata tiketi ya Jumamosi, leo nikafunga duka langu la Kikuubo, hapa Kampala, nikaenda kuchanjwa homa ya manjano.

Nesi akanidunga, kisha akauliza kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, unasafiri lini?"

"Jumamosi."

Akaweka kalamu chini. "Kadi yako inaanza kutambulika baada ya siku kumi. Ukienda mapema watakurudisha."

Wakenya hatuhitaji visa, hilo nilikuwa nimeuliza. La chanjo sikuuliza.
(Mnaopanga kwenda huko, mmesikia? Sindano kwanza, tiketi baadaye.)

Nikampigia Akinyi nikiwa bado kwenye benchi la kliniki, mbele ya nesi. Nikamwambia sherehe itanipita, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Nikasikia mtoto analia.

"Siku hiyo nyumba itajaa watu," akasema. "Njoo wakishaondoka, dada. Hapo ndipo nitakapokuhitaji."

Nimesogeza tiketi mbele.

Nyinyi mliowahi kumhudumia mzazi ugenini, nimbebee nini?