Saa Yao Ilianza Tanga

Siku tuliyozungumza na Wamarekani, mama alivaa kitenge kipya na hereni, ingawa mazungumzo yalikuwa ya kwenye kompyuta na kamera ilimwonyesha kuanzia mabegani tu. Tulikuwa watatu katika ofisi ndogo ya mshauri wa masomo wa shule yangu ya sekondari: mimi, mama, na mshauri mwenyewe, mwanamke wa Kiswidi aliyenisaidia kutuma vyeti Marekani. Mimi nilidhani tunaitwa kupewa tarehe ya safari.

Mimi ni golikipa. Sikuanza kudaka Tanzania. Tanga nilicheza netiboli na rede kama wasichana wengine. Nilipohamia kwa mama, Bredäng, mtaa wa Stockholm, kipa wa timu ya wasichana ya mtaani alivunjika kidole, na mimi nilikuwa mrefu kuliko wote. Wakanivalisha glovu zake. Kiswidi sikukijua bado. Neno la kwanza nililolitamka kwa kujiamini nchini Sweden ni lile tunalolipazia sauti mpira ukiwa hewani: "Min!" Yaani, wangu.

Miaka ikapita, nikahamia klabu kubwa zaidi. Kwenye mashindano fulani ya kiangazi akaja kocha wa chuo kikuu cha Marekani, mwanamke mwenye kofia na sauti ya kukwaruza. Alitaka kipa. Chuo kingenilipia kila kitu: masomo, chumba na chakula. Mama anahudumia wazee majumbani kwao Fisksätra, na nadhani hakuna mzee aliyemwosha mwezi ule ambaye hakusikia habari hizo. Kanisani walisimama kuniombea Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Kocha alikuwa amenieleza kwamba kule mtu hachezi bila masomo. Wanatazama hesabu, sayansi, lugha, historia, na kama alama zinatosha. Sikuogopa. Alama zangu zilikuwa nzuri.

Kocha akatokea kwenye skrini, akatusalimu. Aliyezungumza ni mwanamume aliyekaa pembeni yake, mtu wa kanuni wa chuo. Alisema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba masomo ya miaka yangu mitatu ya sekondari ya Sweden hayawezi kuhesabiwa, na bila hayo siwezi kucheza wala kulipiwa.

Mshauri alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie.

Akarudia. Kwa kanuni ya michezo ya vyuo vyao vyote, mwanafunzi anapewa miaka minne ya sekondari, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapoanza, popote alipoanzia. Mimi nilianza kidato cha kwanza Tanga. Kidato cha pili nikamaliza, kisha bibi akanitoa shule kwa sababu kibali cha kumfuata mama kilikuwa "kinakaribia." Kikakaribia zaidi ya mwaka. Nilipofika Stockholm nikawekwa darasa la kujifunza Kiswidi. Ndipo nikaanza sekondari ya hapa, kidato cha kwanza kwa mara ya pili. Kwao saa haikusimama hata dakika moja. Miaka yao minne ilikwisha kabla sijaingia darasani kusoma hesabu kwa Kiswidi.

Mama Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Alinivuta mkono.

"Wamesemaje?"

"Wanasema nimechelewa, mama."

"Umechelewa wapi? Si tumefika kabla ya wakati?"

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimeisikia habari ile kwa Kiingereza, nikaisikia tena mshauri alipoirudia mwenyewe kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini. Lakini niliposema kwa Kiswahili, "mwaka niliokaa kwa bibi nao wameuhesabu," ndipo ilipoingia.  Nilimwona mama akiinuka kwenye kiti.

"Mwaka wa kusubiri kibali? Ule?" Akaigeukia kompyuta, akawaambia mwenyewe kwa Kiingereza chake, kwa nguvu: mwanangu alikuwa anasubiri karatasi, hakuwa anacheza.

Yule mwanamume akasema anasikitika. Mshauri alivua miwani akafuta macho. Katika nchi hii sikuwahi kumwona mtu wa ofisi akilia.

Jioni ile nilikwenda mazoezini kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Mipira ya kitoto ikanipita. Kocha wetu akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Tukakata rufaa, tukapeleka karatasi za uhamiaji. Jibu lilipokuja lilikuwa nusu mkate: naruhusiwa kwenda, naruhusiwa kusoma na kufanya mazoezi na timu, ila mwaka wa kwanza nisicheze mechi hata moja. Mama alipiga vigelegele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Siku iliyofuata kocha wa Marekani akanipigia simu. Kipa wake mkubwa alikuwa anahitimu. Alihitaji mtu wa kusimama golini msimu huohuo, siyo mwakani. Nafasi yangu ameshampa msichana mwingine.

"Unaelewa, sivyo?" akaniuliza.

Nikasema naelewa. Sikuelewa. Hata leo nikikumbuka jinsi nilivyojibu haraka hivyo, kwa adabu, nashangaa.

Kanisani habari zilifika kabla yetu. Mzee mmoja wa Kikongo alinishika mabega yote mawili, akapinga kwa Kifaransa na Kiswahili chake. "Mais non! Mutoto anacheza mupira na miguu, ao anacheza na diplome?"

"Mimi nacheza na mikono, papa," nikamjibu, na watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hapo ndipo machozi yaliponitoka kwa mara ya kwanza.

Bibi alipopigiwa alitaka tumhesabie miaka hiyo mmoja mmoja. Kisha akasema, "Basi ni mimi niliyekutoa shule." Mama akamnyang'anya maneno: "La, mama. Usiseme hivyo. Nani angejua?" Na kweli, nani angejua? Nani Tanga, akimtoa mjukuu shule ili awe tayari kwa safari, angewaza kanuni za mpira wa chuo cha Marekani?

Sasa nasomea tiba ya viungo hapahapa Stockholm. Chuo hakina timu na hakuna aliyeniuliza nacheza nini. Jioni nadaka kwenye klabu yangu, mwisho wa juma tunasafiri.

Hivi karibuni tulicheza ugenini Jordbro, tukafungwa. Mechi ilipokwisha, mshambuliaji wao, binti wa Kirundi aliyenifunga mabao yote, alinifuata akaniambia kwa Kiswahili, huku anahema, kwamba chuo cha Marekani kimemwandikia.

"Sekondari ulianza lini?" nikamuuliza.

"Dada, nimekuambia Marekani, wewe unauliza sekondari?"

"Ulianzia wapi? Hapa?"

Akafikiri. "Kampala. Halafu tulikaa kidogo tu bila shule, kabla ya kuja."

Nilivua glovu nikaziweka chini kwenye nyasi, nikamwambia tuketi.