Ndege Iliyoangusha Ng'ombe Tisa

Kuna watu Kajiado hata sasa wakiniona kwa stendi wananiuliza, "Rubani, leo umeangusha ngapi?" na mimi nacheka nao huku masikio yakiwaka moto, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe vile ilikuwa.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nachonga mawe kwa kwari hapa Kitengela, shule nimeachia darasa la nane, lakini akili yote iko angani (mama, ambaye nilikuwa naishi naye, alisema ningechonga mawe mengi zaidi nikiacha kuangalia juu). Nilikuwa na kitabu kimoja, jalada limetoka, cha ndege za vita vya pili vya dunia, na humo nilisoma kwamba rubani akiangusha ndege ya adui alichora alama ubavuni mwa ndege yake. Sasa mwenzangu kazini akaniambia kwa boma ya Mzee Parmuat, mbele ya Kajiado, mlango wa zizi la ndama ni bati la ndege iliyoanguka wakati wa vita.

Jumamosi nikaenda. Mzee alikuwa malishoni, mkewe akanipa chai na kunionyesha mlango, na jamani, niliona alama tisa nyeusi, kila moja ni duara lenye mkia!

"Ngoja mzee arudi akuambie," mama huyo akasema, lakini nikaona nitangoja nini na kitabu niko nacho, nikazinakili nikaenda zangu. Hapo ndipo nilijiharibia.

Nikapitia shule ya msingi ya karibu, nikamweleza mwalimu mkuu kwa moto mpaka akanipa nafasi ya kuongea siku ya wazazi. Nikachora ndege nzima, na alama zake tisa, juu ya shuka. Mama nikamwalika, akaja na kitambaa chake cha kanisa, akaketi mbele kabisa, maana nilitaka aone kwa macho yake kwamba hii ndoto yangu si upuzi.

Kuikunjua tu mbele ya watu, nikamsikia mama: "Wewe! Si hiyo ni shuka yangu?"

Watu wakacheka, nikajifanya kiziwi, nikapandisha sauti nikasema rubani huyu shujaa aliangusha ndege tisa, na weusi huu ni moshi wa risasi (hiyo sijui niliitoa wapi). Mzee mmoja akasimama nyuma na fimbo yake. Alikuwa Mzee Parmuat mwenyewe, amekuja kwa sababu ya wajukuu.

"Kijana, nani ameangusha nini?"

"Rubani, mzee. Ndege tisa."

"Hakuna kitu imeanguka. Hiyo ni alama ya ng'ombe zangu. Kabla nichome ng'ombe, najaribu chuma kwa mlango nione kama imeshika moto."

"Na mbuzi aliangusha ngapi?" mzazi mmoja akaitikia, na shule nzima ikalipuka. Nilitamani kujifunika hiyo shuka.

Lakini mzee alinionea huruma. "Kuja nyumbani na mama yako. Uliangalia upande moja tu."

Tukaenda, tukageuza mlango, na mama mwenyewe, na nguo zake za kanisa, akakwangua mavi ya ndama yaliyokauka mpaka likatokea duara kubwa la buluu, limefifia, doa jekundu katikati. Nikamwambia mama hiyo ndiyo alama ya ndege za Waingereza, iko kwa kitabu changu.

"Kumbe ni ndege kweli," akasema. "Sasa hiyo ndiyo uchore."

Tangu siku hiyo nimeapa: nikifika kwa boma ya mtu, nangoja mwenye ng'ombe arudi, hata jua lizame. Na nikichora, nachora kwa shuka yangu.