Tulivyokwenda Kulia kwa Papa Alphonse

Hii nawaambia ninyi tu, tena ni kwa sababu Mama Béa ameshaanza kuisimulia sokoni na kila akiisimulia kilio changu kinazidi urefu, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe, mwenye aibu yake.

Mnajua mimi ni chef wa atelier ya kushona hapa Kabondo, sare za shule, nguo za kwaya, na mnajua nilikuwa chef wa namna gani (msicheke): wa kufoka. Basi mwenye atelier akachoka kuona watu wanaacha kazi, akanipeleka kwenye mafunzo ya viongozi, na huko mama mmoja mpole sana akatufundisha kwamba kiongozi aliye macho hafoki, anakuwa kama kocha, anamuuliza mtu swali, ananyamaza, anasikiliza jibu mpaka mwisho, halafu anajiweka mahali pa yule mtu. Hii ya kujiweka mahali pa mtu ilinipendeza mno. Ile ya kuuliza na kunyamaza, sijui, nadhani ilipita nikiwa nimetoka kunywa chai.

Nikarudi kazini na udadisi wa ajabu. Nilikuwa nasimama nyuma ya meza ya kukatia nguo nasoma nyuso: mbona huyu anashona huku anatabasamu, mbona yule leo hajaimba, huyu wa dirishani anawaza nini? Sikuwahi kujua kwamba uso wa mtu una mambo mengi hivyo.

Ndipo nikamwona Papa Alphonse, fundi wangu wa siku nyingi kuliko wote. Wiki ile alikuwa kimya, simu ikilia anatoka nje kuongea kwa sauti ya chini, akirudi macho yako mbali. Alhamisi akaja mbele yangu, kofia mkononi, kuomba ruhusa ya Jumamosi.

"Chef, samedi niko na jambo ya familia. Naomba nisikuje."

Hapo ndipo palipoharibika. Ningeuliza tu, jambo gani, papa? Lakini nikajiambia kiongozi aliye macho haambiwi, anahisi, na uso ule niliusoma kuwa wa msiba, tena mtu aliyefiwa anaulizwaje? Nikamwekea mkono begani, nikafumba macho.

"Naelewa, papa. Naelewa kabisa."

Akanitazama, akasema, "Merci, chef," akaondoka mbio (sasa najua alikuwa anawahi kabla sijabadili mawazo).

Kesho yake jioni nikapita makusudi mbele ya kwake. Matawi ya michikichi yamesimikwa mlangoni mwa parcelle, ua wa nyumba yake, vijana wanafunga hema, viti vya plastiki vinashushwa. Ninyi mngefikiri nini? (Najua, matawi yanawekwa hata kwenye sherehe, nimezaliwa hapa, lakini moyo wangu ulikuwa umeshavaa nguo nyeusi.)

Jumamosi nikafunga atelier, nikawachukua wote. Mama Béa, anayepiga pasi, ndiye sauti yetu, na kwenye matanga kwetu kilio hakisubiri kufika mlangoni, kinaanzia barabarani ili wafiwa wajue mmekuja. Basi akakianzisha toka kwenye kona, "Yooo, Papa Alphonse, yooo!", wasichana wa cherehani wakapokea, na mimi mbele, mikono kichwani, machozi ya kweli yananitoka (hii ndiyo inaniuma, yalikuwa ya kweli), tukaingia.

Cha kwanza nilichoona ni mbuzi. Halafu kreti za bia. Halafu Papa Alphonse, hana dalili ya msiba, amevaa tai. Upande wa pili wageni kutoka Yanonge, wameshona kitambaa kimoja, na tonton, yaani mjomba, wa bwana harusi amesimama na glasi mkononi, yuko katikati ya maneno ya kumtolea mahari Clarisse, binti wa Papa Alphonse.

Tonton akaweka glasi chini polepole.

"Tulikuja kuchukua bibi, munatuletea kilio? Mufu ni nani?"

Wazee wake wakaanza kunong'ona kwamba hii ni ishara mbaya, mmoja akainuka na kuvaa kofia yake, nami nikaelewa, bila mafunzo yoyote, kwamba ndoa ya mtoto wa watu inavunjika na mimi ndiye ninayeivunja. Nilitamani ardhi ipasuke. Papa Alphonse alinitazama, na uso ule haukuhitaji kusomwa.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Clarisse akatoka kabla hajaitwa, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Ba tonton, munisamehe. Hawa ni watu ya kazi ya papa. Walinijua tangu niko mutoto. Wanalia juu naenda mbali nao."

"Ni kweli?" tonton akaniuliza.

"Ni kweli, tonton," nikasema, nikijifuta kamasi.

Clarisse akapita karibu yangu kana kwamba ananisalimu. "Chef, usinyamaze moja kwa moja," akaninong'oneza. "Lia kidogo tena."

Basi nikalia. Mama Béa (Mungu ambariki, ingawa anatia chumvi) akakigeuza kilio kikawa wimbo wa kumuaga bibi harusi, wasichana wakapiga makofi, na yule mzee akaketi tena, kofia ikarudi gotini.

"Bon," tonton akasema. "Nyumba yenye kulilia bibi hivi, bibi yake iko muzuri." Akanyanyua glasi.

Jumatatu nikamwita Papa Alphonse, nikamuuliza kwa nini hakuniambia ni mahari. Kisha nikanyamaza (kunyamaza ni kazi, jamani, ulimi uliniwasha).

"Chef, ulikataza Mama Béa kuenda ku ndoa ya dada yake. Nikasema nikitaja feti, sherehe yoyote, utakataa. Na siku ile nilingoja uniulize. Ukafunga macho."

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya Jumamosi. Nilidhani nimejiweka mahali pake, kumbe nilijiweka mahali pa mtu niliyemtunga mwenyewe. Tangu hapo nauliza, mpaka wasichana wananiita Chef Swali.

Harusi yenyewe ilipokaribia Papa Alphonse aliniletea mwaliko. Nikamuuliza kama kweli anataka nije, nikangoja jibu.

"Kuja, chef. Clarisse anasema ni lazima," akasema, akarudi kwenye cherehani yake. "Lakini ukifika ku kona, anza kucheka."