Matunda Meusi ya Mulanda

Leo nimekula chakula cha watoto watatu, kisha nikaomba nyongeza.

Ndugu zangu wa mkahawa huu, mlinisikia juzi nikipiga meza: wakulima wanaficha wimbi, yaani ulezi! Asubuhi nikapanda baiskeli hadi kijiji cha Mulanda kuwaumbua.

Mama Athieno, mkulima ambaye mumewe yuko vitani, alinikaribisha kwa kikapu cha matunda meusi. Kwetu Tabora sijayaona. Matamu, mazito, yanatia ulimi weusi.

Nikala. Nikauliza kama yapo mengine.

"Mzee wa mjini nakula kama jembe!" akacheka, akaleta yaliyobaki.

Watoto wake watatu walikaa mlangoni, kimya. Nikadhani ni adabu.

"Na wimbi umeficha wapi, mama?" nikasema, mdomo umejaa.

Akanifungulia ghala. Utando wa buibui tu.

"Wimbi chifu nachukua, ya askari. Sisi nakula hii matunda mpaka mavuno. Watoto naokota asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mgeni naambiwa hapana?"

Nikainuka na kikapu kitupu.

Nikaenda dukani, nikarudi na unga ndani ya kikapu chake. Akaupokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, akawatuma watoto mtini, wakaniletea matunda kumi.

Nimeyaweka hapa mezani, chini ya karatasi hii. Wa Tororo, wa Busia, kila mmoja aonje moja. Halafu atakayesema tena kwamba wakulima wanaficha wimbi, aseme mbele yangu. Nitamjibu, maana maneno hayo niliyaanzisha mimi.