Komeo la Gerezani

Bi Shahbanu anakaa ghorofa moja na mimi hapa Etobicoke, Kanada, na tangu majira ya baridi hajatia mguu nje. Siku moja alishuka na ndara kwenye theluji, akapotea, akaokotwa kituo cha basi. Mwanawe Abid, anayepakia mizigo uwanja wa ndege, akabadilisha kitasa. Sasa mlango haufunguki bila ufunguo, hata ukiwa ndani, na ufunguo anao yeye, mkewe, na Amandine, dada wa Bukavu anayemhudumia mama. Abid si mtu mbaya. Ni mwoga, na woga wake unaniudhi.

"Nirudisheni Gerezani!" Ndiyo kauli ya Bi Shahbanu tangu alfajiri.

Jumapili niliwapelekea visheti, nikamkuta Amandine kashika kichwa.

"Mama, ulifanyaka nini mpaka wakakuweka mu gereza?"

"Mimi? Nilikuwa nikicheza netiboli!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamweleza Amandine kwamba sisi Waunguja wa zamani tukisema Gereza ni Ngome Kongwe, pale Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno, na neno lenyewe ni la hao Wareno, maana yake kanisa.

"Kanisa?" Amandine, aliyekosa ibada kwa ajili ya zamu, alishangaa.

Wafungwa nao waliwekwa humo. Baadaye ikawa klabu ya wanawake, na siku hizi ni maduka na matamasha.

Abid, huku akivaa viatu vya kazi, akampa mama simu atazame tamasha la muziki la huko Ngome Kongwe. "Ona, Gereza lako limejaa watu."

"Nionyeshe mlango."

Akamwonyesha. Uko wazi, watalii wanaingia.

"Maskini mama," Abid akasema. "Kumbe walikuwa wakiwafungia humo?"

"Nani atufungie? Tukijifungia wenyewe, wanaume wasituchungulie. Buibui tunatundika, tunakimbia tutakavyo. Komeo lilikuwa ndani, baba. Upande wetu."

Abid akafunga kamba za viatu. Zamu ilimngoja uwanjani Malton, na Amandine saa zake zimekwisha. Tukatoka sote. Bi Shahbanu akatusindikiza mpaka kizingitini, na soksi zake za sufu.

"Mkwe wako anakuja sasa hivi, mama," Abid akasema, akageuza ufunguo, akatikisa kitasa kuhakikisha.

Tulikuwa bado tumesimama pale tuliposikia mkono wa Bi Shahbanu ukipapasa mlango kwa ndani, juu, kisha chini, ukitafuta komeo.